Muziki Chini ya Maneno: Jinsi ya Kuupima na Kuutawala

Chama cha sayansi cha shule moja ya sekondari kilitengeneza picha ya video ya dakika nne kueleza namna ya kutayarisha nyumbani maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha. Maelezo yenyewe yalikuwa sahihi: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Msomaji alikuwa msichana wa kidato cha tatu mwenye matamshi mazuri. Ili picha isiwachoshe watazamaji, vijana wale waliweka chini ya sauti yake muziki wa ngoma na kayamba tangu mwanzo hadi mwisho. Maonyesho yalipokwisha, mimi niliyealikwa kama mgeni niliwaomba watazamaji waandike vipimo walivyovisikia. Wengi waliandika sawasawa. Wachache, hasa waliokaa nyuma, waliandika vijiko tisa.

Kosa hilo si la kuchekwa. Sukari ikizidi mno katika mchanganyiko ule, huvuta maji ya mwili kuingia katika utumbo, na kuharisha huongezeka badala ya kupungua. Mtoto mchanga aweza kudhurika vibaya. Msomaji hakukosea, wala watazamaji hawakuwa wazembe; kilichoharibu ni muziki ambao hakuna hata mmoja aliyeulalamikia. Nilipowauliza waliokosea kama muziki ulikuwa mkubwa mno, walijibu kwamba la, ulikuwa mzuri na sauti ya msomaji waliisikia vizuri.

Siku hizi mwalimu au mwanafunzi mwenye simu aweza kutengeneza picha ya video, maonyesho ya slaidi au hata mchezo wa kompyuta, na kuweka muziki humo ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Kwa sababu hiyo yafaa tujue muziki hufanya nini unapokaa chini ya maneno, na unapimwaje.

Kwa nini "sita" ilisikika "tisa"

Tazama maneno hayo mawili. Irabu zake ni zile zile na zimefuatana kwa utaratibu ule ule: i, kisha a. Tofauti imo katika konsonanti tu. S na t zimebadilishana mahali. Anayezisikia irabu vizuri na konsonanti vibaya ataona amesikia neno zima, ilhali amesikia nusu yake na nusu nyingine amejijazia mwenyewe.

Irabu hutokana na kutikisika kwa nyuzi za sauti zilizo kooni, nazo zina nguvu nyingi. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde. Konsonanti s haitikisi nyuzi hizo. Ni mvumo wa hewa inayopenya katika mwanya mwembamba baina ya ulimi na ufizi, na nguvu yake, ambayo ni ndogo, iko zaidi juu ya hezi 4,000. Konsonanti t ni mlipuko mdogo wa hewa unaokwisha katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Baina ya irabu yenye nguvu na konsonanti dhaifu, tofauti yaweza kupita desibeli 20. Ndiyo sababu mtu anayeitwa kutoka mbali hujua kwamba anaitwa, bali hajui anaambiwa nini.

Sasa fikiria kayamba. Mbegu zinazoteleza ndani ya matete hutoa mchakacho ambao, kwa mwanafizikia, ni ndugu wa karibu sana wa s: hauna noti maalumu, na nguvu yake imetanda katika masafa ya juu. Kayamba ikilia wakati msomaji anatamka s, sikio halina njia rahisi ya kuzitenga sauti hizo. Ngoma nayo huleta madhara kwa njia nyingine. Mwaka 1924 wanasayansi wa Marekani, Wegel na Lane, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti nzito ikiwa kubwa huifunika sauti nyembamba kwa urahisi kuliko sauti nyembamba inavyoweza kuifunika nzito. Sababu iko katika umbo la sikio la ndani, ambalo ni mfereji uliojipinda kama nyumba ya konokono. Sauti nyembamba huhisiwa karibu na mlango wa mfereji huo. Nzito huhisiwa ndani zaidi. Basi wimbi la sauti nzito halina budi kupita mlangoni likielekea ndani, na likipita hupatikisa.

Kiswahili kina mitego yake katika jambo hili. Linganisha "atapona" na "hatapona". Baina ya kupona na kutopona hakuna kitu ila h moja, ambayo ni pumzi tu. Lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa neno, mara nyingi katika silabi moja nyepesi, na mwanzo wa neno ndipo muziki unapopenda kupandishwa, kwa kuwa mtengenezaji hutafuta kituo baina ya sentensi ili aupandishe, kisha huchelewa kuushusha.

Desibeli: hesabu ambayo kila mtengenezaji anaihitaji

Sikio la binadamu husikia sauti zenye tofauti kubwa mno za nguvu, kiasi kwamba kuziandika kwa hesabu ya kawaida kungetulazimu kubeba sifuri nyingi. Kwa hiyo hutumiwa kipimo cha logi kiitwacho desibeli, kilichopewa jina kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Ikiwa kimo cha wimbi la sauti ya kwanza ni A na cha pili ni B, tofauti yake kwa desibeli ni:

20 × log (A ÷ B)

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayejua logi aweza kuthibitisha yafuatayo. Kimo cha wimbi kikipunguzwa kuwa nusu, sauti imeshuka desibeli 6. Kikipunguzwa kuwa sehemu moja ya kumi, imeshuka desibeli 20. Na kwa kuwa nguvu ya wimbi hulingana na kimo kikizidishwa kwa chenyewe, nguvu hiyo imebaki sehemu moja ya mia.

Hata hivyo sikio halihesabu hivyo. Kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, sauti hudhaniwa imepungua nusu inaposhuka desibeli 10. Muziki ulioshushwa desibeli 20 basi, ingawa umebakiwa na sehemu moja ya mia ya nguvu yake, msikilizaji huona umepungua mara nne tu. Hapo ndipo watengenezaji wengi wanapopotea. Wanashusha muziki mpaka wanapoona "umepungua nusu", wanaridhika, na kumbe wameushusha desibeli 10 tu. Zaidi ya hayo, wao wenyewe wanayajua maneno kwa moyo, maana ndio walioyaandika. Mtu anayejua kitakachosemwa ni hakimu mbaya kabisa wa usikivu.

Kipimo kizuri cha kuanzia kimo katika mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG, toleo la 2.0 la mwaka 2008, unaowahusu watengenezaji wa kurasa za mtandao. Katika daraja lake la juu kabisa unataka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa desibeli 20 au zaidi, isipokuwa sauti za mara moja moja zisizozidi sekunde moja au mbili. Kipimo hicho kiliwekwa hasa kwa ajili ya watu wenye usikivu hafifu, nao si wachache. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa mtu anayezeeka, usikivu unaotangulia kupotea ni wa sauti nyembamba, yaani zile zile zinazobeba s, f na t.

Kwetu sisi lipo kundi jingine la kufikiriwa. Shule nyingi za sekondari za Tanzania, Kenya na Uganda hufundisha kwa Kiingereza. Majaribio mengi yameonyesha kwamba mtu anayesikiliza lugha aliyojifunza ukubwani huhitaji maneno yawe juu ya kelele kwa kiasi kikubwa kuliko mwenye lugha yake. Mzawa wa lugha akipotewa na konsonanti moja huijaza kwa kukisia. Mgeni hana akiba ya kukisia. Picha ya video iliyotengenezwa Uingereza kwa watoto wa Kiingereza, ikiwa na muziki ambao wao wanauvumilia, yaweza kuwa mzigo kwa darasa la Dodoma au Kisumu.

Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya wanaoanza tu. Mwezi wa Machi mwaka 2011 shirika la utangazaji la BBC lilipoanza kuonyesha mfululizo wa Wonders of the Universe, uliosimuliwa na mwanafizikia Brian Cox, watazamaji zaidi ya mia moja walilalamika kwamba muziki ulikuwa ukiyafunika maelezo yake. BBC ilirekebisha mchanganyiko wa sauti katika vipindi vilivyofuata. Wenye mitambo bora na mafundi waliobobea walikosea lile lile walilokosea vijana wetu wa ngoma na kayamba.

Maneno yakisikika, je, yanaeleweka?

Tuseme muziki umeshushwa vya kutosha na kila konsonanti inasikika. Je, shauri limekwisha? La hasha. Mwaka 2000 watafiti Roxana Moreno na Richard Mayer walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Wanafunzi walionyeshwa picha fupi zenye mwendo zikieleza jinsi radi inavyotokea. Wengine walisikia maelezo peke yake, wengine maelezo pamoja na muziki wa chini. Waliosikilizishwa muziki walikumbuka machache zaidi, na walipopewa maswali ya kutumia maarifa hayo walifanya vibaya kuliko wenzao. Jaribio la pili, kuhusu breki za gari, lilithibitisha hivyo hivyo.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushughulikia kinachoingia masikioni kwa wakati mmoja, na muziki huchukua sehemu ya nafasi hiyo hata kama mtu hautaki. Nyimbo zenye maneno ndizo mbaya zaidi. Mwaka 1989 Salamé na Baddeley waliwataka watu wakumbuke mfululizo wa tarakimu walizozisoma kwa macho, huku muziki ukipigwa. Wimbo ulioimbwa uliwavuruga kuliko muziki wa ala tupu. Tarakimu zilisomwa, hazikusikika. Basi hapakuwa na sauti iliyofunikwa. Ni maneno ya wimbo yaliyoingia akilini bila ruhusa na kugombea mahali na zile tarakimu. Mwanafunzi anayejisomea huku redio ikiimba angefaa kulitafakari jambo hili, ingawa najua hatalipenda.

Kwa maoni yangu, muziki una kazi tatu za halali katika picha ya mafunzo: kufungua, kufunga, na kujaza mahali ambapo jicho linafanya kazi peke yake, kama vile picha ya mbegu inayoota ikiharakishwa. Mahali pengine pote una wajibu wa kujieleza kwa nini upo.

Namna ya kuutawala

Programu za kuhariri sauti huonyesha viwango kwa desibeli zilizo chini ya sifuri, sifuri ikiwa ndiyo kilele ambacho wimbi likikifikia hukatwa kichwa na sauti huharibika. Muziki unaouzwa hurekodiwa karibu sana na kilele hicho. Sauti ya mtu iliyonaswa kwa simu darasani aghalabu iko chini zaidi. Kwa hiyo haitoshi kukishusha kitufe cha muziki kwa desibeli 20 na kuondoka. Kama muziki ulianza ukiwa juu ya maneno kwa desibeli 8, baada ya kuushusha uko chini yake kwa 12 tu. Kwanza pandisha maneno yafikie kiwango kizuri, ndipo uushushe muziki ukilinganisha na maneno yenyewe. Katika programu nyingine kitufe kimeandikwa kwa asilimia za kimo cha wimbi. Hapo asilimia 50 ni kushuka desibeli 6, na asilimia 10 ni kushuka 20.

Njia ya pili ni kuuinamisha muziki wakati wa maneno na kuuinua baada yake. Programu ya Audacity, inayotolewa bure, ina amri ya Auto Duck inayofanya kazi hiyo yenyewe: husikiliza mkondo wa maneno na kuushusha mkondo wa muziki kila maneno yanapoanza. Ushushe muziki kabla ya neno la kwanza, kwa nusu sekunde hivi, na uurudishe polepole. Ukiurudisha haraka, muziki utaruka juu kila msomaji anapovuta pumzi, kama bahari inayokupwa na kujaa kila dakika, na mtazamaji atachoka bila kujua kinachomchosha.

Njia ya tatu hutumiwa na mafundi: kupunguza ndani ya muziki masafa yale tu ambayo konsonanti huyahitaji, tuseme baina ya hezi 1,000 na 6,000, na kuyaacha mengine. Muziki hupata uzito wa mbali kidogo, kana kwamba unatoka chumba cha pili. Inafaa, lakini haiwezi kuponya chaguo baya la ala. Kayamba, upatu na tarumbeta ni vigumu kuziweka chini ya maneno. Gitaa linalopigwa taratibu ni rahisi.

Mwisho wa yote, sikiliza kazi yako mahali itakaposikilizwa. Chumba cha bati na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi wa muziki huendelea wakati neno jipya limekwisha kuanza. Anayekaa nyuma hupata mwangwi mwingi kuliko sauti ya moja kwa moja; ndio maana "tisa" iliandikwa nyuma. Mchanganyiko uliofanywa kwa visikizi vya masikioni huwa mzuri kwa visikizi tu. Na kabla ya kuonyesha kazi hadharani, kumbuka kwamba muziki una mwenyewe. Nchini Tanzania masuala ya hakimiliki husimamiwa na COSOTA.

Katika michezo ya kompyuta

Mchezo una tatizo ambalo picha ya video haina: mtengenezaji hajui mchezaji atakaa mahali fulani sekunde kumi au nusu saa. Kwa hiyo muziki hauna budi kujirudia au kubadilika wenyewe. Mchezo wa Space Invaders, uliotengenezwa na Tomohiro Nishikado wa Japani mwaka 1978, ulitumia noti nne tu nzito zinazoshuka, zikirudiwa bila kikomo, nazo huongeza kasi kadiri hatari inavyokaribia. Noti nne! Lakini mchezaji huhisi moyo ukimwenda mbio, kwa sababu muziki ule unampa habari anayoihitaji. Katika mchezo, muziki waweza kuwa ndio somo lenyewe.

Anayetengeneza muziki wa kujirudia atakutana na kelele ndogo, "tik", mahali mwisho unapoungana na mwanzo. Hutokea kwa kuwa wimbi limekatwa likiwa juu na kuungwa na wimbi lililo chini, hivyo kipaza sauti hulazimika kuruka ghafla. Kata pale wimbi linapoupita mstari wa sifuri, pande zote mbili, likiwa linaelekea upande ule ule. Tena usihifadhi kwa MP3, kwani mfumo huo huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa faili. WAV au OGG hufaa zaidi. Kisha mpe mchezaji vitufe viwili tofauti, kimoja cha muziki na kingine cha maneno. Kitufe kimoja cha vyote hakimsaidii, maana akipunguza muziki hupunguza na maneno.

Jaribio la uwanjani

Jaribio hili halihitaji mtambo wowote ila simu mbili na utepe wa kupimia. Linategemea kanuni kwamba mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye chanzo kidogo cha sauti ukiongezwa mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Ukiongezwa mara kumi, hushuka desibeli 20.

Rekodi katika simu ya kwanza maneno kumi yanayotofautiana mwanzo tu: taa, kaa, paa, saa, faa, vaa, zaa, jaa, baa, njaa. Kila neno lisomwe mara mbili, kwa mpango uliovurugwa, jumla maneno 20. Tayarisha rekodi tano zenye mipango mbalimbali ili wasikilizaji wasikariri. Simu ya pili ipige muziki usiopanda na kushuka sana.

Weka simu zote mbili mita moja kutoka kwa msikilizaji, mbele yake, upande mmoja. Usiziweke pande tofauti, kwa sababu masikio mawili hutusaidia kutenga sauti zinazotoka pande mbalimbali, na katika picha ya video msaada huo haupo. Rekebisha mpaka muziki na maneno vionekane kuwa sawa kwa ukubwa, kisha usiguse tena vitufe. Msikilizaji aandike maneno anayoyasikia. Halafu simu ya maneno ibaki pale pale, na ya muziki isogezwe nyuma mpaka mita 2, 4, 8 na 10, kila mara kwa rekodi mpya ya maneno. Muziki sasa umeshuka kwa desibeli 6, 12, 18 na 20 hivi.

Chora grafu ya maneno yaliyopatikana dhidi ya desibeli. Anayebahatisha tu hupata kama mawili kati ya 20, kwa hiyo usianze kushangilia kabla ya kuvuka hapo. Rudia kwa wimbo wenye maneno ya Kiswahili, kwa ala tupu, na kwa kayamba, uone mistari mitatu inatengana wapi. Andika pia ni konsonanti ipi iliyogeuzwa kuwa ipi, kwani orodha hiyo ina mafunzo kuliko jumla ya alama. Fanya kazi asubuhi kabla ya upepo kuvuma, mbali na kuta, na msikilizaji asiwe yule aliyeyarekodi maneno.